Kompyuta haiwaki baada ya kubadilishiwa draiva: je, alama ya urejeshaji itaiokoa bila kupiga Windows upya?

Mkazi wa Kisasa

Ndugu wanajukwaa, nawasalimu kutoka Dodoma. Naomba ushauri kuhusu kompyuta mpakato tunayoitumia nyumbani, yenye Windows 11, ambayo kwa sasa haifiki kwenye skrini ya kuingilia. Ukiiwasha inaonyesha nembo ya mtengenezaji, vinukta vinazunguka kidogo, kisha inatokea skrini ya hitilafu yenye ujumbe kwamba kompyuta imepata tatizo, inajizima, inajiwasha, na kurudia yaleyale.

Kilichotangulia ni hiki. Mke wangu alihitaji kuchapisha barua za kikundi, na kwa kuwa printa ilikuwa ngeni kwa kompyuta hii, tuliweka programu inayotafuta draiva zote (programu ndogo zinazoiwezesha kompyuta kutumia vifaa vyake) kwa mkupuo mmoja. Programu hiyo haikuishia kwenye printa. Ilibadilisha pia draiva za kadi ya picha na za kidhibiti cha diski, na tulipowasha upya ndipo hali hii ilipoanza.

Fundi mmoja wa mjini ameiangalia na kusema dawa yake ni kupiga Windows upya, na kwamba tukubali kupoteza vilivyomo. Ndani yake kuna hesabu za kikundi chetu cha kuweka na kukopa, picha za familia na kazi za binti yangu anayesoma Chuo Kikuu cha Dodoma. Sehemu ya hesabu ipo kwenye flashi, lakini marejesho ya mikopo ya miezi ya karibuni hayamo, na wanakikundi wanayahitaji kabla ya mgawo.

Nimesoma kwamba Windows hujiwekea alama za urejeshaji zinazoweza kuirudisha katika hali yake ya nyuma, yaani ile huduma inayoitwa System Restore. Naomba kueleweshwa mambo matatu. Je, alama hizo zinatumika hata kama kompyuta haiwaki hadi mwisho? Je, nikirudisha hali ya wiki iliyopita, nyaraka zilizoandikwa baada ya hapo zitafutika? Na kwa kuwa betri imechoka na kompyuta inategemea chaja peke yake, umeme ukikatika katikati ya kazi itakuwaje?

Fundi wa Makole

Ndugu mleta mada, pole kwa usumbufu, na usikubali kupiga Windows upya kwa sasa. Tatizo lililoanza mara tu baada ya draiva kubadilishwa ndilo hasa ambalo System Restore ilibuniwa kulitatua. Huduma hii imekuwapo tangu Windows ME ya mwaka 2000, na kuanzia Windows Vista inafanya kazi kwa kuhifadhi taswira ya sehemu za diski zinazobadilika, kwa hiyo alama moja inaweza kurudisha faili za mfumo, rejista ya Windows (hifadhi ya mipangilio yake), draiva na programu zilizosakinishwa kama zilivyokuwa siku ile.

Swali lako la pili nalijibu kwanza kwa sababu ndilo linalowatisha watu wengi. Urejeshaji haugusi nyaraka, picha, barua wala majedwali ya hesabu. Jedwali uliloandika jana litabaki kama lilivyo jana, hata kama alama unayoirudia ni ya wiki iliyopita. Kitakachoondoka ni programu na draiva zilizowekwa baada ya tarehe ya alama, na programu zilizoondolewa baada ya tarehe hiyo huweza kurudi. Kuna jambo moja la kuangalia: faili za aina ya programu, kama vile zile zinazoishia na exe au bat, zinaweza kuathirika hata zikiwa ndani ya folda zako binafsi. Ikiwa binti yako anaandika programu chuoni, hilo linamhusu.

Kuhusu swali la kwanza, ndiyo, inawezekana. Kompyuta za Windows zina mazingira ya uokoaji yaliyotengwa kwenye kipande chake cha diski, na hayo huwaka bila kutegemea draiva zilizoharibika. Mfumo ukishindwa kuwaka mara mbili mfululizo, kwa kawaida mara ya tatu hukupeleka huko wenyewe. Usipokupeleka, iwashe, na nembo inapoonekana bonyeza kitufe cha kuzimia na ukishikilie kwa sekunde kama 10 hadi izimike, kisha urudie hivyo hadi uone maandishi yanayosema inaandaa matengenezo. Ukifika hapo chagua "Troubleshoot", kisha "Advanced options", kisha "System Restore".

Utaonyeshwa orodha ya alama pamoja na tarehe, saa na sababu ya kila moja kuwekwa. Tafuta iliyowekwa kabla ya ile programu ya draiva, na ukikuta mbili zinazofaa, chukua iliyo karibu zaidi na siku ya tatizo, kwa sababu kadiri unavyorudi nyuma ndivyo masasisho mengi zaidi ya usalama yanavyoondolewa. Kabla ya kuthibitisha, kipo kitufe cha "Scan for affected programs". Kibonyeze. Kitakuonyesha programu na draiva zitakazofutwa na zile zitakazorejeshwa, na ukiona draiva za kadi ya picha na za diski zimo kwenye orodha ya kufutwa, ujue umeshika alama sahihi.

Kuhusu umeme, hapo nakuomba uwe mwangalifu kweli. Urejeshaji ukishaanza usiukatize kwa namna yoyote, kwa sababu mfumo unakuwa katikati ya kubadilisha rejista na faili zake, na ukikatika hapo unaweza kupata kompyuta isiyowaka kabisa. Kazi yenyewe inaweza kuchukua robo saa, na kwenye diski ya zamani ile inayozunguka inaweza kuzidi saa moja huku skrini ikionekana kama imeganda. Azima UPS, kile kifaa chenye betri kinachoendelea kutoa umeme ukikatika, kwa jirani au ofisini, au peleka kompyuta mahali penye jenereta. Usifanye kazi hii jioni ya mawingu ya Januari ukitegemea bahati.

Mwalimu wa Kongwa

Naongeza jambo ambalo mleta mada anapaswa kulijua mapema ili asikate tamaa akifika huko: inawezekana akakuta hakuna alama hata moja. Katika Windows 10 na Windows 11, ulinzi wa mfumo, yaani mpangilio unaoruhusu alama kuwekwa, mara nyingi hukutwa umezimwa, hasa kwenye kompyuta zenye diski ndogo, na mtumiaji hajui mpaka siku ya shida. Wengi tunadhani huduma hii ipo tu kwa kuwa Windows ipo.

Hata ukiwa umewashwa, alama hazidumu milele. Zinatengewa sehemu maalumu ya diski, na sehemu hiyo ikijaa, za zamani hufutwa kupisha mpya. Isitoshe, kwa Windows 11 toleo la 24H2, tangu sasisho la Juni 2025 alama huhifadhiwa hadi siku 60 tu. Vilevile ukihama kutoka toleo moja kubwa la Windows kwenda jingine, alama za toleo la awali kwa kawaida hupotea. Kwa hiyo anayesubiri miezi mitatu huku kompyuta imekaa kabatini anajipunguzia nafasi mwenyewe.

Habari njema kwa upande wa ndugu yetu ni kwamba Windows yenyewe, pale ulinzi unapokuwa umewashwa, hujaribu kuweka alama kabla ya matukio makubwa kama masasisho ya mfumo na usakinishaji wa baadhi ya programu na draiva. Zipo pia programu za draiva zinazoweka alama kabla ya kuanza kazi. Nina matumaini kwamba utaikuta ya siku ileile, saa ileile.

Mkazi wa Kisasa

Nawashukuru sana, Fundi na Mwalimu. Nimefanikiwa kuingia kwenye mazingira ya uokoaji kwa njia niliyoelekezwa, lakini nilipochagua System Restore nimekutana na skrini inayodai ufunguo wa BitLocker wenye tarakimu 48. Hatukuwahi kuweka nywila ya namna hiyo. Nimeogopa kuendelea, nikaizima. Je, ufunguo huu unatoka wapi, na kama haupatikani, ndiyo kusema diski imefungwa moja kwa moja?

Afisa TEHAMA, Mtumba

Kaka, umefanya vyema kusimama hapo kwanza.

BitLocker ni usimbaji wa diski, yaani kuvifunga vilivyomo visisomeke bila ufunguo, na kwenye kompyuta nyingi mpya huwashwa wenyewe pale mwenye kompyuta anapoingia kwa akaunti ya Microsoft wakati wa kuiandaa. Siku zote hukuona dalili yake kwa sababu chipu ya usalama iliyomo ndani ilikuwa ikifungua diski kimyakimya. Ukiingia kwa njia ya uokoaji, chipu hiyo haifungui tena, ndiyo maana unaombwa ufunguo. Ufunguo huo ni tarakimu 48 zilizogawanywa katika mafungu manane ya tarakimu sita sita.

Chukua simu, fungua kivinjari, na uingie kwenye account.microsoft.com kwa anwani ileile ya barua pepe iliyotumika kuandaa kompyuta. Nenda kwenye sehemu ya vifaa, uchague kompyuta hiyo, utaona mahali pa funguo za BitLocker. Kukiwa na funguo zaidi ya moja, linganisha herufi na tarakimu za mwanzo za kitambulisho kinachoonekana kwenye skrini ya kompyuta na zile zilizo kwenye simu, kisha uandike ufunguo unaolingana. Ikiwa akaunti ni ya mkeo au ya binti, ufunguo utakuwa kwake. Ikiwa kompyuta ilinunuliwa ikiwa imetumika, unaweza kuwa kwenye akaunti ya aliyekuuzia, na itabidi umtafute. Bila ufunguo huo hakuna fundi wa Dodoma wala wa Dar es Salaam atakayezisoma nyaraka zilizomo. Anachoweza ni kufuta diski yote na kuanza upya. Usimpe mtu usiyemfahamu akaunti yako kwa ahadi ya "kukufungulia".

Sasa naomba nitofautiane kidogo na Fundi wa Makole kuhusu mpangilio wa kazi. Ameeleza vizuri namna ya kurejesha, lakini mimi ningetaka nyaraka zitoke kwanza, urejeshaji ufuate. Ni kweli kwamba urejeshaji haugusi nyaraka. Lakini hapa tuna draiva ya kidhibiti cha diski iliyobadilishwa, betri iliyochoka na umeme usiotabirika, na kazi yoyote inayoandika sana kwenye diski katika mazingira hayo ina hatari yake. Hesabu za watu zisiwekwe rehani kwa jambo linaloweza kuepukwa kwa nusu saa.

Ukishaandika ufunguo na diski ikafunguka, rudi kwenye "Advanced options" na uchague dirisha la amri, "Command Prompt". Chomeka flashi au diski ya nje, andika neno notepad, ubonyeze Enter. Itafunguka programu ya kuandikia. Nenda kwenye menyu ya "File", chagua "Open", na pale chini ubadilishe aina ya faili iwe "All Files". Dirisha hilo dogo sasa linakuonyesha diski zote za kompyuta, na unaweza kubonyeza folda kwa kitufe cha kulia cha kipanya, ukanakili, ukaenda kwenye flashi na kubandika. Usishangae ukikuta herufi za diski zimebadilika: X ni ya mazingira yenyewe ya uokoaji, na diski yako iliyozoeleka kama C inaweza kuonekana kama D au E. Tafuta ile yenye folda ya "Users", uingie kwenye jina lenu, kisha uchukue "Documents", "Pictures" na "Desktop".

Wakati wa kunakili hutaona mstari wa kuonyesha kazi imefikia wapi, na dirisha litaonekana limekwama. Liache lifanye kazi. Na kama mnazo video ndefu, kumbuka flashi iliyoumbizwa kwa FAT32, mfumo wa zamani wa kupanga faili, haipokei faili moja inayofikia GB 4, hata kama nafasi ni tele.

Fundi wa Makole

Dada wa Mtumba ana hoja, na kwa mazingira ya mleta mada mpangilio huo ni bora. Afuate hivyo.

Naomba tu niongeze jambo linalohusu kurudi nyuma. Unapofanya urejeshaji ukiwa ndani ya Windows inayowaka, mfumo huweka kwanza alama ya hali iliyopo, ili matokeo yasipokuridhisha uweze kuutengua. Ukifanya kutoka kwenye mazingira ya uokoaji, nafasi hiyo ya kutengua haipo. Unaweza kujaribu alama nyingine iliyomo kwenye orodha, lakini huwezi kurudi pale ulipoanzia. Kwa kompyuta isiyowaka hilo si hasara kubwa, ila ni sababu nyingine ya kuchagua tarehe kwa utulivu na kutumia kile kitufe cha kuonyesha programu zitakazoathirika.

Mfanyabiashara wa Manyoni

Samahani kwa kuingilia, swali langu liko karibu na hili. Je, njia hii inaweza kutumika kwa kompyuta iliyoingiliwa na virusi? Ya dukani kwangu faili zote zimebadilishwa majina na zinadai malipo.

Afisa TEHAMA, Mtumba

Pole sana. Kwa hali yako jibu ni hapana, na ni vizuri ulijue mapema usije ukapoteza muda. Virusi vya kudai fidia hufunga nyaraka zako kwa usimbaji, na kama ilivyokwisha kuelezwa hapo juu, urejeshaji haugusi nyaraka, kwa hiyo hata ukifaulu, faili zitabaki zimefungwa. Zaidi ya hapo, vingi vya virusi hivyo huanza kwa kufuta alama zote na taswira zake. WannaCry ya Mei 2017 ilifanya hivyo. Hata kwa virusi vya kawaida siishauri, kwa sababu kirusi kinaweza kuwa tayari kimo ndani ya alama unayoirudia. Tenganisha kompyuta na mtandao, usilipe, tafuta nakala zako za zamani, na ufungue mada yako ili tukuhudumie vizuri bila kuichanganya na hii.

Mkazi wa Kisasa

Nawaletea taarifa. Ufunguo tumeupata kwenye akaunti ya binti yangu, kwa kuwa yeye ndiye aliyeiandaa kompyuta siku ya kwanza. Nyaraka zote tumezinakili kwenye diski ya nje kwa njia ya dirisha la amri, na hesabu za kikundi nimezifungua kwenye kompyuta nyingine na kuzikuta ni kamili hadi rejesho la mwisho.

Urejeshaji nimeufanya ofisini kwa rafiki yangu Area D, ambako kuna UPS. Kulikuwa na alama mbili, moja ya sasisho la Windows na nyingine iliyowekwa muda mfupi kabla ya ile programu kuanza kubadilisha draiva. Nilichagua hiyo ya pili, na orodha ya vitakavyofutwa ilionyesha draiva zilezile alizozitaja Fundi. Ilipomaliza, kompyuta iliwaka hadi kwenye skrini ya kuingilia, na picha na majedwali yote yapo mahali pake.

Nimebakiwa na maswali mawili. Printa haichapishi, na hilo nilitarajia. Na je, nifanye nini ili siku nyingine alama zisikosekane?

Fundi wa Makole

Nimefurahi kusikia hivyo. Kuhusu printa, ingia kwenye tovuti ya mtengenezaji wake, tafuta modeli kamili iliyoandikwa kwenye kibandiko cha nyuma, upakue draiva ya modeli hiyo pekee. Mara nyingi hata hilo halihitajiki, kwa sababu Windows 11 huitambua printa yenyewe ukiichomeka na kuiacha ikiwa na intaneti. Ile programu ya mkupuo hakikisha haimo tena kwenye orodha ya programu, na kisakinishi chake kifutwe kwenye folda ya vipakuliwa.

Kabla hujagusa printa, weka alama yako mwenyewe. Kwenye sehemu ya kutafutia ya menyu ya kuanzia, andika "Create a restore point" na uifungue. Utaona orodha ya diski na hali ya ulinzi wa kila moja. Ile ya mfumo inapaswa kusomeka "On". Bonyeza "Configure" uone nafasi iliyotengwa. Kwa diski ya GB 256, asilimia 3 hadi 5 inatosha kubeba alama kadhaa, na hakuna haja ya kuwasha ulinzi kwenye diski inayohifadhi nyaraka tu. Kisha bonyeza "Create" na uipe jina linaloeleweka, kwa mfano "Kabla ya printa". Tarehe na saa zitaongezwa zenyewe. Fanya hivyo kila unapotaka kuweka draiva au programu kubwa, usitegemee Windows ikukumbukie.

Afisa TEHAMA, Mtumba

Na ule ufunguo wa tarakimu 48 uchapishe mara printa itakapokubali, au uandike kwa mkono kwenye daftari la kikundi linalofungiwa kabatini. Usiuhifadhi ndani ya kompyuta hiyohiyo unaoifungua. Hesabu nazo ziwe na nakala kwenye ile diski ya nje, isasishwe kila baada ya kikao na ichomolewe kazi ikiisha, kwa kuwa alama za urejeshaji zimo kwenye diski ileile ya kompyuta. Ikifa diski au ikiibwa kompyuta, zinaondoka nayo.

Mkazi wa Kisasa

Nimeangalia ulinzi, ulikuwa tayari "On" lakini nafasi iliyotengwa ilikuwa asilimia 1 tu, nimeiongeza hadi 5. Alama ya "Kabla ya printa" imewekwa. Printa imetambuliwa yenyewe baada ya kuunganisha intaneti, na barua za kikundi zinachapishwa sasa hivi.